Land Cruiser ya Cosme

Mimi magari nayajua. Sijisifu, ulizia Palma yote, kuanzia pwani hadi kwenye njia ya Quionga, utaambiwa. Mtu akitaka kununua gari lililotumika, kabla hajatoa pesa huja barazani kwangu na kusema, "Aiuba, nenda kaniangalizie." Naenda. Nalala mchangani chini ya gari, nagonga, nakuna kwa kisu, nanusa. Nikisema nunua, ananunua. Nikisema acha, anaacha, hata kama mkewe keshatangaza mtaani kwamba gari linakuja. Kwa miaka ishirini na sita neno langu halikuwahi kurudishwa, na hilo ndilo lililoniponza.

Tangu ienee habari ya gesi iliyopatikana huko baharini, mji wetu umejaa magari. Zamani ungeyahesabu kwa vidole: gari la administrador wa wilaya, lori la chumvi, magari mawili matatu ya abiria ya Mocímboa, na Land Rover yangu. Sasa mwaka huu wa elfu mbili na kumi na mbili kila aliyepata kibarua kambi ya gesi anataka gari, na kila mwenye gari anataka nilisifie. Siwezi. Kuna haya magari madogo ya Kijapani ambayo ukiwasha tu, mwanamke anakuongelesha Kijapani kutoka ndani ya redio. Nimemsikia mtu mzima na ndevu zake akimjibu, "Asante, mama." Gari linaloongea mimi silipendi, maana siku likiharibika halisemi kitu. Tena matumbo yao yako chini mno. Kwenye mchanga wetu yanalala kama kobe, na ni akina sie tunaoitwa kuyavuta.

Watu wanatazama rangi. Rangi inayong'aa kwenye gari la miaka kumi na tano ni ya kuogopwa. Wanatazama kilomita, wakati kilomita zinarudishwa nyuma dukani kabla ya chai kupoa. Mimi natazama mpira wa pedali ya breki. Ukiwa umelika upande mmoja, hilo gari limezunguka dunia, saa ya kilomita iandike inavyotaka. Kisha nainua zulia na kunusa. Likinuka tope, limewahi kuzama, nami naondoka bila hata kuomba liwashwe.

Magari ya zamani ni jambo jingine. Land Rover yangu ni ya mwaka sabini na tatu, niliinunua kwenye mnada wa serikali ikiwa haina kioo hata kimoja. Mwili wake ni wa aluminiamu, haushiki kutu. Chasisi ndiyo chuma, na chumvi ya hapa inakula chuma mchana na usiku. Dawa yake niliitoa kwa mafundi wa majahazi: sifa, yale mafuta ya ini la papa wanayopaka mbao za chombo. Kila mwaka kabla ya mvua nalipandisha gari kwenye magogo, nakuna chasisi yote kwa kisu mpaka chuma kionekane, kisha napaka sifa mara tatu. Kwanza kukuna, ndipo kupaka. Anayepaka bila kukuna anafunika uozo tu, na gari lake litamkatikia njiani siku asiyoitarajia. Harufu yake ni balaa. Mke wangu Zuleica amekataa kulipanda mpaka mwezi uishe, na harusi mbili zimenirudisha mlangoni na gari langu nimelipamba maua.

Katika pwani yetu yote alikuwepo mtu mmoja tu mwenye gari la kunizidi. Naye ni Cosme, Mmakonde wa Mueda aliyehamia Mocímboa da Praia, aliyekuwa dereva wa mradi wa visima. Wazungu wa mradi walipoondoka wakati wa vita walimwachia Land Cruiser fupi, ya milango miwili, ya mwaka sabini na nane, injini ya dizeli, macho mviringo, rangi ya maziwa yaliyolala. Niliiona mara ya kwanza mwaka themanini na nane ikipanda kutoka forodhani na magunia kumi na tano ya saruji, inanguruma taratibu kama mtu anayesali. Nilisimama njiani mpaka ilipopotea. Usiku ule sikula.

Tulikuwa marafiki kwa ajili ya lile gari. Mimi ndiye niliyemfundisha habari ya sifa, na kila mwaka alinipigia simu kuniambia amemaliza kupaka. Nilimwonea wivu, kweli, lakini ulikuwa wivu wa kukaa nao pamoja mezani. Alikuwa akinipa ufunguo na kuniambia, "Izungushe, roho yako itulie." Nilimwomba aniuzie zaidi ya mara kumi. Alicheka. "Nikifa mimi ndo utaipata," akasema. Akafa, mwezi wa Machi, kwa maradhi ya figo. Nilikwenda kumzika. Nami, Mungu anisamehe, tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini macho yangu yalikuwa yanatafuta banda la gari.

Sikuwa na pesa za kulinunua. Nilijua hivyo, nikanyamaza, nikajiambia kwamba mjane hatauza.

Mwezi wa Juni akaja Dauto. Dauto ni mwanyumba wangu, tumeoa ndugu; mkewe Rachida ni mdogo wake Zuleica. Kwa miaka kumi Dauto alikuwa akinibebea mizigo kwenye Land Rover na kulala juu ya magunia. Kisha gesi ikaja. Yeye amejifunza Kiingereza chake huko Mtwara kwa kuuza kanda, basi wakamchukua kambini Afungi awe mkalimani. Tangu siku hiyo havui buti zile za chuma puani, na kitambulisho chake chenye picha anakivaa shingoni mpaka msikitini. Wakati wa kurukuu kinaning'inia na kumgonga jirani.

Aliketi barazani kwangu, akakubali chai. "Mwanyumba," akasema, "nimepata gari. Mjane wa Cosme anauza ile Land Cruiser. Nimeshaongea naye kwa simu. Ila mimi bila neno lako sitoi hata meticali moja. Kesho twende ukaniangalizie."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini polepole kisimwagike. Dauto, ambaye hajui plagi iko wapi. Dauto, ambaye injini ya dizeli na jiko la mkaa kwake ni mamoja. Nikamwona akilini akipita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi, mkono nje ya dirisha, akipiga honi kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Twende," nikasema.

Tulikwenda kwa Land Rover yangu, kilomita themanini za mchanga na mashimo, na njia nzima alikuwa anaongea. Alitaka kuipaka rangi nyekundu. Alitaka kuweka viti vya ngozi, redio ya kuonyesha picha, na taa za buluu chini ya mwili. Buluu. Mimi nilishika usukani na kuitikia, na ndani yangu kitu kilikuwa kinapanda kama maziwa motoni. Si kwamba nilipanga. Naapa kwamba tulipoingia Mocímboa nilikuwa bado sijui nitasema nini.

Luzia, mjane wa Cosme, alitupokea uani amevaa nguo nyeusi. Ni mwanamke mrefu, mchache wa maneno. Aliniita shemeji kama siku zote, akatuletea maji, akafungua banda. Ilikuwa pale, na vumbi kidogo tu. Mpira wa pedali ulikuwa umelika sawasawa, kama wa mtu mwenye subira. Niliwasha. Ikashika mara ya kwanza, baada ya miezi mitatu ya kulala, na mlio ule ule ukanipanda miguuni. Nilizima haraka kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Kisha nikalala chini yake na kisu changu. Dauto hakulala; alikuwa na suruali mpya. Harufu ya sifa ilinijaa puani. Nilikuna karibu na spring ya nyuma, mahali ambapo kutu hupenda kuanzia. Chini ya ile ngozi nyeusi ya mafuta kikatokea chuma, kijivu, kisafi, kama kimetoka kiwandani juzi. Nilikuna mbele, vilevile. Cosme alikuwa anakuna kila mwaka, hakuruka hata mmoja. Nililitazama lile doa la chuma kwa muda, halafu nikachota sifa kwa dole gumba nikalifunika.

Nilitoka, nikajikung'uta.

"Acha," nikamwambia Dauto. "Chasisi imeoza. Imepakwa sifa juu ya uozo. Ukiiongeza mwendo itakatika katikati."

"Epá," akasema Dauto, akarudi nyuma hatua moja kama gari litamwangukia. "Na injini hivi inavyolia vizuri?"

"Injini nzima. Lakini injini haikai hewani, mwanyumba."

Sikuwa nimemfikiria Luzia. Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, ameshika kufuli. "Shemeji," akasema, "unasema Cosme alikuwa anapaka bila kukuna?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ningeweza kusema ngoja, niangalie tena, giza chini huku. Dauto alikuwa ananitazama na kitambulisho chake kifuani. "Ndiyo, shemeji," nikasema. "Naona alikuwa anafunika tu."

"Aliniambia anakuna. Kila mwaka alinambia." Akasita. "Na wanangu walikuwa wanapanda hii gari kwenda shule."

Alifunga banda, akatuaga vizuri, akatupa na maembe makavu ya njiani. Nilikula moja, nikalitema.

Dauto alinishukuru mpaka tukafika Palma. Alipofika akaendelea kunishukuru mbele za watu: sokoni, msikitini, kwenye pikipiki za abiria. "Aiuba ameniokoa na kifo," alikuwa anasema. Wiki mbili baadaye akarudi kutoka Nampula na gari jipya kabisa la mizigo, la milango minne, jeupe, plastiki bado iko kwenye viti. Hakuniita kuliangalia kwa sababu gari jipya halina cha kuangalia. Asubuhi ya kwanza akapita mbele ya nyumba yangu, mkono nje ya dirisha, akapiga honi kwa heshima. Kwa hiyo hata honi hiyo sikuizuia. Niliingia ndani nikamgombeza Zuleica kwa sababu ya chumvi kwenye samaki, na samaki hakuwa na chumvi nyingi.

Zuleica alinitazama tu. "Tangu urudi Mocímboa una donge," akasema. "Aliyenunua gari ni Dauto, wewe unamwonea wivu. Sema hivyo basi, usinisingizie samaki."

Nilimwambia hajui kitu. Lakini kuanzia hapo nilianza kuifikiria Land Cruiser kila saa. Nilijua sasa haitauzwa, maana neno langu linasafiri kuliko mimi. Nikajifariji kwamba iko bandani, nzima, na kwamba nikiuza mbao nilizojiwekea na mashine yangu ya kusaga huenda mwakani nikaenda kwa Luzia na bei ya gari bovu. Ndiyo, nililifikiria na hilo. Nimeamua kusema yote.

Mwishoni mwa Julai sikuweza tena kuvumilia. Nilimwambia Zuleica nakwenda Mocímboa kutafuta mpira wa klachi. Niliondoka alfajiri, nikafika saa nne, nikapita sokoni bila kusimama, nikaenda moja kwa moja kwa Luzia.

Banda lilikuwa wazi. Uani palikuwa na wanaume wawili wa sucata, wale wanaozunguka kununua vyuma chakavu, na lori lao likiwa limerudi kinyumenyume mpaka getini. Juu ya lori niliona mlango mmoja rangi ya maziwa yaliyolala, boneti, na yale macho mviringo yametupwa kwenye gunia. Injini ilikuwa imefungwa kwa kamba. Chini kwenye mchanga ilikuwa imebaki nusu ya nyuma ya chasisi, na mmoja wa wale wanaume alikuwa anaipigia moto wa kukatia.

Nilikaa chini.

Luzia akatoka jikoni. "Karibu, shemeji. Umenikuta na kazi." Akaniletea kigoda mwenyewe. "Alikuja mtu wa Mueda kuinunua, mtu wa kanisani kwetu, ana watoto sita. Nikamwambia ukweli kama ulivyosema wewe. Akaenda zake. Akaja mwingine, nikamwambia vilevile. Sasa nifanye nini? Siwezi kumuuzia mtu kifo. Hawa wameichukua kwa kilo."

"Kwa kilo," nikasema.

"Kidogo sana. Lakini nalala usingizi."

Yule mwenye moto aliinua miwani yake meusi, akajifuta jasho. "Mama, chuma hiki kigumu," akasema. "Tunakikata tangu jana. Magari ya hapa pwani tunayavunja kwa nyundo tu, lakini hili limetumalizia chupa mbili za gesi."

Luzia aligeuka kunitazama. Kisha akaenda polepole hadi pale kwenye chasisi, akainama. Sehemu iliyokatwa ilikuwa inaonekana wazi, unene wake wote, inang'aa. Alinyoosha kidole, akakirudisha kwa sababu bado ilikuwa na joto.

"Nionyeshe palipooza," akasema.

Nililitazama lile lori.

"Nataka kupaona, shemeji. Tangu siku ile sijaenda kaburini. Kila Jumapili nilikuwa naenda, ila tangu siku ile naona hasira. Najiuliza, kama alinidanganya kwa gari, na watoto wangu ndani, alinidanganya kwa mangapi mengine? Usiku naongea naye kwa ubaya. Basi nionyeshe, nikione kile alichonificha, nimsamehe yaishe."

Nilikuwa na majibu tayari. Mtu wa kazi yangu hakosi majibu. Ningesema uozo ulikuwa nusu ya mbele, ile iliyokwisha pandishwa lorini, chini ya vyuma vingine, na nani angepanda kutafuta. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Nikaona mikono yake: alikuwa ameikunja kifuani kama mtu anayengoja kipimo cha daktari.

"Hapakuwa na uozo," nikasema. "Nilikuna sehemu mbili. Chuma kilikuwa kizima. Nikafunika kwa kidole, nikatoka nikadanganya."

Wale wa sucata walizima moto wao. Nilitamani Luzia apige kelele, anitukane kwa Kimakonde, achukue kipande cha chuma anirushie. Ningekishukuru.

"Kwa nini?"

"Wivu, shemeji. Sikutaka Dauto aipate. Nilikuwa naitamani miaka ishirini na nne, yeye aitake wiki moja tu na kuipata. Nilishindwa."

"Kwa hiyo Cosme alikuwa anakuna."

"Kila mwaka. Hakuruka."

Alitikisa kichwa mara mbili, taratibu. Akaingia ndani. Nilidhani ameniacha, nikaanza kutafuta njia ya kuinuka. Akatoka amefunga kitambaa kichwani, amevaa viatu, ana kufuli mkononi. Akawaambia wale wanaume wamalizie na wafunge geti. Kisha akanigeukia.

"Mimi sikutukani," akasema. "Mimi si mwenye gari. Twende ukamwambie mwenyewe."

Tulikwenda kwa miguu. Sikuthubutu kumkaribisha kwenye Land Rover. Yeye mbele, mimi nyuma, tukapita mbele ya maduka na watu wakanisalimu kwa jina, maana Mocímboa pia wananijua. Mmoja alinifuata hatua chache akiniomba nikamwangalizie gari analotaka kununua, la bei nzuri, linatoka Nacala. Nilimwambia amtafute mtu mwingine. Akacheka, akidhani namtania.

Kaburi la Cosme lina msalaba wa saruji na maua ya plastiki ambayo jua limekwisha kuyala rangi. Majani yalikuwa yameota, yaani kweli hakuwa amefika mtu. Luzia alipiga magoti akaanza kuyang'oa kwa mikono, haraka haraka. Nilipoinama kumsaidia alinizuia kwa kiganja. Alipomaliza akasimama pembeni.

Nilisimama pale. Nimezika watu wengi na najua ya kusema kwenye makaburi ya kwetu, lakini hayo hayakufaa. Nilitazama msalaba, nikatazama vidole vyangu.

"Anza pale ulipolala chini ya gari," akasema Luzia.

"Cosme," nikasema, "gari yako ilikuwa nzima. Nilikuna, nikaona."

Luzia alikuwa hanitazami. Alikuwa anatazama kaburi, na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Mwambie na iko wapi sasa," akasema.

Nikamwambia.